Nahodha Abadilishwe au Chombo Kitengenezwe? Uongozi na Kuanguka kwa Kriketi ya Kenya

Timu ya taifa ya kriketi inapopigwa, wafuatiliaji wa mchezo huu hapa Malindi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema timu imekosa nahodha: hakuna wa kuwatia vijana moyo, hakuna anayethubutu, hakuna mwingine kama Steve Tikolo, nahodha wa Kenya ya 2003. Upande wa pili hujibu kwa methali ya mabaharia, chombo cha kuzama hakina usukani. Muweke umtakaye pale mbele, wanasema, bila mechi za maana, bila viwanja na bila malipo ya kueleweka kitazama tu.

Pande zote mbili zina ushahidi, tena mzito. Kosa lao ni kuzungumzia magonjwa mawili kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kuna timu inayoshindwa ilhali uwezo inao, na kuna timu inayoshindwa kwa sababu uwezo wenyewe umekauka. Ya kwanza nahodha mzuri huiponya, wakati mwingine kwa wiki moja. Ya pili haiponi kwa nahodha, na kila anayekabidhiwa kazi hiyo huondoka amechafuliwa jina.

Tukumbuke kwanza kilichotokea. Machi 2003 Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Durban dhidi ya India. Mapema 2014, baada ya kumaliza ya tano katika mchujo wa Kombe la Dunia huko New Zealand, ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Februari 2018, kwenye daraja la pili la ligi ya dunia huko Namibia, ilipoteza mechi zote na kushushwa daraja, na baada ya hapo nahodha, kocha na rais wa chama wakajiuzulu. Miaka kumi na mitano kutoka nusu fainali hadi hapo. Hakuna nchi nyingine iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia kisha ikaanguka umbali huo.

Wengi wetu pwani tumelelewa na kandanda, kwa hiyo tukisikia nahodha tunafikiria kitambaa cha mkononi na mtu wa kumlalamikia refa. Katika kandanda mwalimu yuko kando ya mstari, anapiga kelele, anabadilisha watu, anapanga. Katika kriketi mwamuzi akishaanzisha mchezo, kocha ni mtazamaji tu. Nani arushe mpira, wazuiaji wasimame wapi, lini mrushaji aondolewe, nani atumwe kupiga wakati wiketi mbili zimeanguka haraka, yaani wapigaji wawili wametolewa: yote hayo ni ya nahodha, na huyaamua upya karibu kila mpira.

Chukua mechi ya ova 20. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo ni mipira 120 halali kwa kila upande. Hakuna mrushaji anayeruhusiwa zaidi ya ova nne, kwa hiyo unahitaji warushaji watano kwa uchache. Katika ova sita za mwanzo ni wazuiaji wawili tu wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara lililochorwa ndani ya uwanja. Baadaye hufika watano. Nahodha anaingia uwanjani na hesabu hiyo kichwani. Mrushaji wake bora wa kasi kwa kawaida atarusha ova mbili mpira ukiwa mpya, kisha nahodha atamwekea akiba mbili za kati ya ova ya 17 na ya 20, wapigaji wanapoanza kurusha mikono bila kujali.

Timu dhaifu huharibu hapa, na huharibu kwa namna ileile kila mara. Nahodha anamwogopa mrushaji wake wa tano, anamficha. Anawatumia wanne wazuri mfululizo, mambo yanaonekana mazuri hadi ova ya 14, kisha anagundua kwamba ova nne za yule aliyefichwa bado ziko palepale, na sasa lazima zirushwe kwa wapigaji waliokwisha kuzoea uwanja. Nahodha anayeijua kazi yake humwingiza mtu huyo ova ya nane au ya tisa, hasa wiketi ikiwa imetoka kuanguka, kwa sababu mpigaji mpya anahitaji mipira kadhaa kuuzoea mdundo. Mrushaji ni yuleyule na mkono ni uleule, ila wakati ndio tofauti. Mikimbio kumi au kumi na tano, yaani alama za mchezo huu, huokolewa hapo bila mtu yeyote kuongeza kipaji.

Au upepo. Anayecheza kriketi pwani wakati wa kusi hawezi kuupuuza. Mrushaji wa kasi hupewa upepo mgongoni. Mrushaji wa polepole anayezungusha mpira hupewa upande wa pili, arushe akiukabili, kwa kuwa mpira huelea kidogo kisha hudondoka mapema kuliko mpigaji alivyotarajia. Mpigaji anayejaribu kupiga sita, yaani mpira wa kuvuka mpaka bila kugusa chini, kwenda joshini unakotoka upepo hudakwa karibu na mpaka. Akipiga kwenda demanini, unakoelekea upepo, mpira huongezewa safari. Kwa hiyo wazuiaji hawapangwi kwa usawa pande zote mbili. Hii ni elimu ambayo mtoto wa Malindi au Lamu anayo tangu utotoni kwa sababu ya bahari, na inasikitisha kwamba kriketi ya taifa haijawahi kuitafuta huku kwa bidii.

Hata ujasiri, ambao watu huuzungumzia kama jambo la moyoni tu, katika kriketi unaonekana kwa macho. Kumbakiza mdakaji mmoja nyuma ya mpigaji, pale kwenye slipu, baada ya mikimbio 12 kupigwa katika ova moja ni uamuzi wenye gharama. Mtu huyo angeweza kupelekwa mpakani kuzuia nne, yaani mpira unaofika mpakani ukiwa umegusa chini. Nahodha akimwondoa, mrushaji anapata ujumbe: hatutafuti wiketi tena, tunapunguza aibu. Akimwacha, mrushaji anajua bado anaaminiwa. Wachezaji husoma uongozi kwa namna hiyo zaidi kuliko kwa hotuba ya chumbani.

Sasa ushahidi wa wale wanaosema nahodha ndiye kila kitu. Mfano wao bora ni Uingereza ya Julai 1981. Ian Botham alikuwa mchezaji wao hodari kuliko wote, akapewa unahodha, akaongoza mechi 12 za siku tano bila kushinda hata moja. Katika mechi dhidi ya Australia kwenye uwanja wa Lord's jijini London alitolewa kwa sifuri mara mbili, akaachia. Akaitwa Mike Brearley, mwenye umri wa miaka 39, ambaye wastani wake wa kupiga katika mechi za siku tano haukufika 23 na ambaye hakuwahi kufikisha mikimbio mia. Kwa takwimu za upigaji hakustahili hata nafasi.

Mechi iliyofuata, Headingley mjini Leeds, Uingereza ililazimishwa kupiga tena ikiwa nyuma kwa mikimbio 227. Botham, aliyetuliwa mzigo, alipiga 149 bila kutolewa. Australia ikahitaji mikimbio 130 tu kushinda. Mrushaji wa kasi Bob Willis alikuwa ameanza kurusha kutoka upande usiomfaa. Brearley akamhamishia upande wa pili na kumwambia asihangaike na kosa la kuvuka mstari kwa mguu, arushe kwa kasi yake yote. Willis alichukua wiketi nane kwa mikimbio 43. Australia ikaishia 111. Uingereza ilishinda kwa mikimbio 18, na baadaye mfululizo mzima wa mechi kwa 3 kwa 1.

Tazama Brearley alifanya nini hasa. Hakumfundisha Botham kupiga wala Willis kurusha. Alimwondolea mmoja kazi isiyomfaa, akampa mwingine upande unaomfaa na ruhusa ya kukosea. Uwezo ulikuwepo, umezibwa. Pakistan ya Imran Khan mwaka 1992 ilikuwa na hali kama hiyo: katika mechi tano za kwanza za Kombe la Dunia ilishinda moja, na katika mojawapo ilitolewa yote kwa mikimbio 74 ikaokolewa na mvua. Ilishinda tano zilizofuata na kutwaa kombe. Na Uingereza ya karibuni zaidi ilikuwa imeshinda mechi moja kati ya 17 za siku tano kabla Ben Stokes hajawa nahodha na Brendon McCullum kocha mwaka 2022. Ikashinda 10 kati ya 11 zilizofuata, na nguzo zake zilikuwa walewale, Joe Root, Jonny Bairstow, James Anderson, Stuart Broad.

Kwetu pia mfano upo. Katika Kombe la Dunia la 2003 kikosi cha Tikolo, chini ya kocha Sandeep Patil, kilikuwa na Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa amekwisha kustaafu na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la 1999. Nahodha asiyejiamini hapendi kuwa na nahodha wa zamani chini yake. Tikolo alimtumia. Machi 15 mjini Durban, dhidi ya Australia iliyokuwa bingwa wa dunia, Karim mwenye miaka 39 alirusha ova nane na mipira miwili, sita kati ya hizo bila kutoa mkimbio hata mmoja, akachukua wiketi tatu kwa mikimbio saba, mmojawapo akiwa Ricky Ponting. Kenya ilishindwa mechi hiyo, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Wiki tatu kabla, jijini Nairobi, kijana Collins Obuya aliaminiwa ova zake zote kumi dhidi ya Sri Lanka, akatoa watano kwa mikimbio 24, na Kenya ikashinda kwa 53. Mkongwe na kijana, kila mmoja alitumiwa pale alipoweza. Huo ni uongozi na sioni sababu ya kuudogosha.

Lakini upande wa pili haujanyamaza, na hoja yao kubwa inamhusu Tikolo huyohuyo.

Septemba 2007, katika Kombe la Dunia la ova 20 huko Johannesburg, Sri Lanka ile iliyopigwa Nairobi iliifunga Kenya mikimbio 260 kisha ikaitoa yote kwa 88. Nahodha wa Kenya alikuwa Tikolo. Ni mtu yuleyule, akili ileile, heshima ileile ya wachezaji. Kama uongozi ndio dawa, mbona dawa hiyohiyo haikufanya kazi miaka minne na nusu baadaye?

Jibu liko katika yaliyotokea katikati. Mwaka 2004 wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo na mikataba. Agosti mwaka huohuo Maurice Odumbe, shujaa wa ushindi dhidi ya West Indies mwaka 1996, alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Chama cha zamani kilivurugika hadi kikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Cricket Kenya mwaka 2005. Na mwaka huo wa 2005, mwaka wa pili tu baada ya nusu fainali, Kenya haikucheza hata mechi moja rasmi ya kimataifa ya siku moja. Timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia ilikaa mwaka mzima bila kazi.

Inafaa kueleza kwa nini ukame wa mechi unaua haraka hivyo, maana wengi huuona kama kisingizio. Umbali kati ya vijiti anavyolinda mpigaji na vijiti vya upande wa mrushaji ni mita 20.12. Mrushaji wa kasi ya kilomita 140 kwa saa humpa mpigaji chini ya nusu sekunde tangu mpira uachiwe. Mrushaji wa kilomita 120, ambao ndio wa kawaida katika ligi ya klabu, humpa zaidi ya nusu sekunde kidogo. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, lakini ndani yake mpigaji anatakiwa ausome mpira, aamue mguu wa mbele au wa nyuma, ashushe mkono. Jicho lililozoea 120 huchelewa mbele ya 140, na dawa yake ni moja tu: kukutana na mipira hiyo mara nyingi. Nahodha anaweza kukufanya usiogope. Hawezi kukufanya uuone mpira mapema.

Kilichofuata ni kubadilisha manahodha. Kati ya 2009 na 2011 kazi ilipita kwa Tikolo, Maurice Ouma, Jimmy Kamande na Collins Obuya. Wazee wetu walikwisha kusema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa mrama ulikuwa dhahiri. Februari 2011 mjini Chennai Kenya ilitolewa yote kwa 69, na New Zealand ikazifikia kwa ova nane bila kupoteza wiketi. Kenya ilipoteza mechi zote sita za Kombe hilo. Kamande alibebeshwa lawama ambazo, kwa maoni yangu, hazikuwa zake. Ukipewa wapigaji ambao hawajaona kasi ya namna hiyo kwa miezi, upangaji wako wa wazuiaji hauna nafasi ya kuonekana.

Wakosoaji huongeza kwamba hata 2003 yenyewe ilibebwa. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama, Kenya ikapewa pointi za bure, na kwa kuwa New Zealand nayo ilivuka kwenda hatua ya sita bora, Kenya ilibeba pointi nne kutokana na mechi isiyochezwa. Ni kweli. Hata hivyo Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe zilipigwa uwanjani. Pointi za bure ziliinua nafasi, hazikurusha mpira.

Kwa hiyo swali la kwanza baada ya kushindwa lisiwe nani aondoke. Liwe: tumeshindwa kwa namna gani? Jibu lake limo katika kadi ya mechi, ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Anza na ziada, mikimbio ambayo mpigaji hakuipiga, hasa mipira mipana na ile ya kuvuka mstari. Ziada 15 katika mechi ya ova 20 ni sawa na kumpa mpinzani ova mbili hivi za mapumziko. Tazama waliotolewa kwa kukimbizana vibaya, yaani wapigaji walionaswa kabla hawajafika upande wa pili. Wawili katika mechi moja ni dalili ya watu wasioitana, na kuitana ni nidhamu ya timu. Tazama pia warushaji walitumika kwa mpangilio gani, yaani nani alirusha ova ya 18 hadi ya 20 na nani alibaki na ova ambazo hakupewa kurusha. Mipira iliyoangushwa mikononi kadi haiioneshi, itabidi utazame mechi au uulize aliyeitazama. Timu inayopoteza mechi tatu kwa mikimbio saba, kwa tisa na kwa wiketi mbili, huku ziada na makosa hayo yakijaa, ina uwezo na haina uongozi. Hapo badilisha nahodha, au mfundishe uliye naye, na matunda utayaona ndani ya msimu.

Lakini kadi ikionesha wiketi nne zimeanguka ndani ya ova sita za mwanzo mechi baada ya mechi, nyingi kwa mipira kugonga vijiti au miguu. Ikionesha mpinzani amemaliza kazi na ova nane au kumi bado zimebaki. Ikionesha hakuna mrushaji hata mmoja wa kwetu aliyechukua wiketi tatu, huo si ugonjwa wa nahodha. Kumfukuza ni kuondoa kipimajoto kwa sababu mgonjwa ana homa. Mechi moja haitoshi kuamua, kwa sababu kriketi ina siku zake mbaya. Tano zinatosha.

Uganda inazisumbua pande zote mbili za mjadala, ndiyo maana inafaa kuitazama kwa makini. Novemba 2023 jijini Windhoek, katika mchujo wa Afrika, Uganda chini ya nahodha Brian Masaba iliipiga Zimbabwe na kufuzu kwa Kombe la Dunia la ova 20 la 2024. Kenya, iliyokuwa ikiwafundisha Waganda miaka ya nyuma, ilibaki nje. Kule Guyana Juni 2024 Uganda iliitoa Papua New Guinea kwa 77 na kushinda kwa wiketi tatu; Frank Nsubuga mwenye miaka 43 alirusha ova zake nne kwa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Siku chache baadaye West Indies iliitoa Uganda kwa 39.

Wa upande wa nahodha wanasema: mnaona, majirani wasio na utajiri wowote wameweza kwa moyo. Wa upande wa mfumo wanasema: mnaona, 39. Mimi naona kitu cha tatu. Masaba aliachwa kazini miaka kadhaa. Timu ilipangiwa mechi nyingi za ova 20 kila mwaka, nyingi dhidi ya wapinzani wa kiwango chao, hata wakazoea kushinda na kujua ova ya 19 inavyochezwa presha ikiwa juu. Na kocha mmojawapo aliyewalea kabla ya hapo alikuwa Steve Tikolo. Uongozi ambao Kenya ilisema imeukosa ulikuwa umevuka mpaka wa Busia ukifanya kazi. Zile 39 zinaonesha tu pale ambapo moyo na mpangilio hukoma na uzoefu wa kasi kubwa huanza.

Kuna jambo lisilosemwa vya kutosha katika mjadala huu, nalo ni fedha. Posho ikichelewa, wachezaji humwendea nahodha. Akiongea na viongozi anaitwa mchochezi. Akinyamaza, wenzake wanaacha kumwamini, na siku atakapomwomba mtu arushe ova ya tano mfululizo kwenye jua la saa nane hatasikilizwa kwa moyo. Daren Sammy aliiongoza West Indies kutwaa Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2012 na tena 2016, timu ikiwa katika ugomvi wa muda mrefu na bodi yake. Baada ya fainali ya Kolkata aliisema bodi hadharani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondolewa kwenye unahodha. Mwaka 2023 West Indies, bingwa mara mbili wa zamani, haikufuzu hata kushiriki Kombe la Dunia la ova 50. Sammy alithibitisha kwamba kiongozi wa kweli anaweza kushinda licha ya ofisi mbovu, mara moja, hata mara mbili. Kudumu hakuwezekani. Ndiyo maana mwakilishi wa wachezaji katika mambo ya mikataba anafaa awe mtu mwingine, si nahodha. Ni badiliko lisilogharimu shilingi na lingewaokoa wengi.

Katika uteuzi wenyewe, tabia ya kumpa kazi mpigaji bora iachwe. Botham alikuwa bora na kazi ilimmeza. Anayefaa ni yule anayejua wenzake wanarusha vizuri kutoka upande gani, anayekumbuka mpigaji fulani alidakwa wapi mara ya mwisho, na ambaye vijana humfuata hata akiwa ametolewa kwa sifuri. Apewe miaka miwili kwa uchache na awe na sauti katika kuchagua kikosi. Naibu wake atajwe mapema na apewe mechi ndogo za kuongoza, asije akaokotwa siku ya msiba.

Na hapo ndipo Malindi inapoingia, maana manahodha hawaanzii Nairobi. Uwanja mkubwa wa kriketi ulio karibu nasi ni wa Mombasa Sports Club, kilomita 120 hivi kwa barabara, na kijana wa Barani au Maweni hawezi kulipa nauli hiyo kila Jumamosi. Kinachowezekana ni mkeka. Mikeka ya nyuzi za makumbi imetumika kama njia ya kurushia mpira katika nchi nyingi zisizo na nyasi za kriketi, na makumbi pwani hayakosekani. Chini yake mchanga haufai, vigingi having'ang'anii na mdundo unakufa; inatakiwa udongo mwekundu, kina cha sentimita 15 hivi, umwagiwe maji, ushindiliwe, uachwe ukauke, kisha urudiwe. Mkeka uvutwe hadi usishikike mkunjo hata mmoja, kwa kuwa mkunjo hubadilisha mdundo ghafla na mpira wa gramu 160 ukikupata usoni si mchezo. Vigingi vya chuma vipakwe rangi kwa sababu ya chumvi. Wanaoanza watumie mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu upande mmoja, unapinda hewani vizuri na hauumizi.

Halafu mtoto wa miaka 14 apewe timu aiongoze, na nafasi hiyo izunguke kila mwezi hadi mwenye jicho ajulikane. Mwalimu asimame nje ya mpaka bila kuelekeza kwa mkono wala kwa mdomo ova zote 20, hata anapoona kosa linakuja. Maswali yaje baada ya mechi, daftari likiwa wazi: upepo ulikuwa unatoka wapi, kwa nini ulimtoa slipu ova ya nne, na nani alikuambia yule arushe ya 19.